Edipode Alikosa Nini? Habari za Kosa, Hatia na Unajisi

Watu wakaao mashambani huku Uzaramo waijua sana taabu ya nguruwe mwitu. Muhogo ukiisha kukomaa hapana budi kulala dunguni na kulinda. Tuseme basi mtu yuko dunguni. Usiku wa manane asikia majani yanatikisika, atupa mkuki wake gizani, na sauti inayomjibu si ya mnyama, bali ni ya ndugu yake aliyekuja kumletea kinga cha moto. Mtu huyu tumwiteje? Sidhani yuko mzee hapa Msimbu atakayemweka kundi moja na yule amvizaye mwenzake njiani. Walakini hapana pia atakayesema kwamba halikutokea neno. Watu watasema, "Ameua," wala hawatasema, "Ni mwuaji." Kati ya maneno haya mawili pana nafasi nyembamba, na katika nafasi hiyo ndimo ulimosimama mchezo mmoja maarufu kuliko karibu yote ya Wayunani wa kale.

Mchezo huo ulitungwa na Sophocles wa Athene, aliyefariki mwaka 406 K.K. Waswahili wameupata katika lugha yao kwa tafsiri ya Samuel Mushi, iliyotoka mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Mchezo wa namna hii huitwa tanzia, neno ambalo tangu zamani maana yake ni habari ya msiba. Kila mwalimu aliyepata kuusoma pamoja na wanafunzi wake ameulizwa swali moja: Edipode alikosa nini hata akapatwa na mambo yale? Na jibu tulilozoea kulitoa ni hili: alikuwa na kiburi, na kiburi kikamwangusha. Sisi wenyewe tulijibu hivyo miaka mingi. Hata siku moja mwanafunzi akatuuliza, "Kama ni kiburi, mbona aliyatabiriwa hayo kabla hajazaliwa?" Tulinyamaza. Tangu siku ile twaona ya kuwa jibu letu lilikuwa jepesi mno, tena lilikuwa na ubaya ndani yake, kama tutakavyoeleza.

Kwanza tukumbuke kisa chenyewe. Laius, mfalme wa Thebes, aliambiwa na mungu wake kwamba mwanawe atamwua. Mtoto alipozaliwa hazijapita siku tatu, wakamfunga miguu na kumpa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akamwonea huruma, akampa mwenzake wa Korintho, na mfalme wa huko asiye na mtoto akamlea kama wake. Alipokuwa kijana, mlevi mmoja alimtukana karamuni kwamba si mtoto wa baba yake. Akaenda Delphi kuuliza. Hakujibiwa alilouliza, bali aliambiwa kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Kwa hofu akaikimbia Korintho, asije akawadhuru wale aliowadhani ni wazazi wake. Njiani, penye njia panda ya njia tatu, akakutana na mzee katika gari. Wakamsukuma kwa nguvu, naye akampiga mwendeshaji. Mzee akampiga kichwani, naye akamwua yule mzee na watu waliokuwa naye, akidhani amewamaliza wote. Kisha akafika Thebes, akakitegua kitendawili cha zimwi lililokuwa likiwala watu, na kwa shukrani wakampa ufalme na mjane wa mfalme wao. Miaka ikapita, wakazaa watoto wanne. Ndipo tauni ikaingia mjini, na mungu akasema haitaondoka mpaka mwuaji wa Laius aondoke. Edipode akamlaani mwuaji huyo mbele ya watu wote, akaanza kumtafuta, wala hakuacha mpaka alipojipata mwenyewe.

Sasa tulitazame neno. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 K.K., aliandika kitabu juu ya utungaji. Humo alisema kwamba shujaa afaaye kwa tanzia si mtu mwema kupita kiasi, kwa maana kuanguka kwake kungetuchukiza tu. Wala si mwovu, kwa maana kuanguka kwake ni haki yake. Bali ni mtu wa katikati, aangukaye si kwa sababu ya uovu bali kwa sababu ya hamartia. Na mmoja wa mifano aliyoitaja ni Edipode.

Wenzetu waliosoma Kiyunani cha Agano Jipya watashtuka kusikia hayo, kwa kuwa neno hilo hilo ndilo alilolitumia Mtume Paulo, nasi katika Biblia zetu twalisoma "dhambi." Lakini neno hili lilianza safari yake mahali pengine. Katika mashairi ya kale ya Homer, kitenzi chake hutumiwa kwa askari aliyerusha mkuki usimpate adui: amekosa shabaha. Waebrania nao walikuwa na neno lao la dhambi lililofanana na hilo. Asomaye Waamuzi sura ya 20 atawakuta Wabenyamini 700 wa mkono wa kushoto, wawezao kutupa jiwe kwenye unywele wasikose. Na kitenzi kilichowekwa hapo katika Kiebrania ndicho kitumiwacho mahali pengine kwa kutenda dhambi. Hata Kiswahili chetu chasema "amekosa" kwa mwindaji asiyepata, na "amekosa" kwa mtoto asiyetii. Basi Aristotle alipoandika hamartia hakuwa akinena juu ya moyo ulioasi. Alikuwa akinena juu ya mkono uliotupa mkuki gizani. Sisi tuliolipata neno hilo kwa njia ya Kanisa twaliingiza dhambi mahali ambapo yeye aliweka kosa, kisha twatafuta dhambi itakayolitosha neno, tusipate ila kiburi.

Mtu aweza kusema kwamba Wayunani wa kale hawakujua kupambanua tendo na nia. Sivyo. Sheria ya mauaji ya Draco, ambayo husemwa kuwa ya mwaka 621 K.K., ilimtenga aliyeua bila kukusudia na yule aliyekusudia. Asiyekusudia alikwenda uhamishoni, lakini aliweza kusamehewa na baba, ndugu na wana wa marehemu, iwapo wote wamekubali. Mmoja akikataa, neno la huyo ndilo lililoshinda. Mzee yeyote wa kwetu aliyepata kukaa barazani katika shauri la damu ataielewa sheria hiyo bila kufasiriwa. Sheria hii iliandikwa upya juu ya jiwe mwaka 409 K.K., na jiwe lenyewe liko mpaka leo. Sophocles alikuwa hai bado, naye ni mzee sana.

Tena Athene ilikuwa na mabaraza mbalimbali. Aliyeua kwa kusudi alihukumiwa Areopago, kilima kile kile ambacho wasomaji wetu wakijua kwa habari za Paulo. Aliyeua bila kusudi alipelekwa Palladion. Aliyekiri kwamba ameua lakini akadai sheria inamruhusu, alipelekwa Delphinion. Torati nayo ilikuwa na mpango wa namna hii: katika Hesabu sura ya 35 na Yoshua sura ya 20 twasoma habari za miji sita ya makimbilio, ambamo aliyeua pasipo kujua alikaa salama mpaka kufa kwa kuhani mkuu.

Walakini angalieni jambo hili. Mtu huyo wa Torati hakuwa na hatia ya kufa, lakini hakurudi nyumbani siku ile ile. Ilimpasa kukaa mbali. Kwa nini, kama hana hatia? Jibu lake ndilo fundo la mchezo wa Edipode. Wayunani, kama Waebrania, waliamini kwamba damu iliyomwagika yatia unajisi, na unajisi hauulizi nia. Athene ilikuwa na baraza jingine, Prytaneion, ambapo vitu visivyo na roho vilihukumiwa: gogo au jiwe lililomwangukia mtu likamwua lilipelekwa hukumuni, kisha likatupwa nje ya mipaka ya nchi. Hapana mtu wa Athene aliyedhani kwamba jiwe lilikusudia. Walijua halina hatia. Lakini waliona limetiwa doa, na doa halikai mjini. Tauni ya Thebes ni ya namna hiyo. Haikuja kumwadhibu Edipode, maana waliokufa ni watu wa mji na si yeye. Ilikuja kwa sababu doa lilikuwa ndani ya nyumba, wala hapana aliyelijua.

Tusiwacheke Wayunani kwa habari ya jiwe, kwa maana nchi hii yetu ilikuwa na neno zito kuliko hilo. Mwingereza Burton alipita Uzaramo mwaka 1857 akielekea bara, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliandika kwamba mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliuawa, au alitolewa akapewa watu wengine, au aliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa, kwa kuwa watu waliamini atawaletea jamaa zake maradhi, msiba na mauti. Mtoto huyo ndiye aitwaye kigego. Desturi ile haimo tena katika maisha yetu, lakini neno lingali katika lugha, na kila ajuaye Kiswahili vizuri alijua.

Kigego alikosa nini? Hakunena neno wala hakuinua mkono. Meno yake yalitangulia juu, basi. Na Edipode wa siku tatu, miguu imefungwa, amebebwa kwenda mlimani, ni kigego kama wengine wote: mtoto aliyehukumiwa kwa ajili ya msiba ambao hajauleta. Tazameni pia ya kwamba msiba wenyewe ulipata njia kwa sababu ya hukumu ile. Kama Laius angalimlea mwanawe nyumbani, mwana angalimjua baba yake kwa uso, wala asingalimwona kama mzee mgeni katika njia panda. Hofu ya wazazi ndiyo iliyomfanya mtoto kuwa asiyejua. Twaomba walimu walipime neno hili vema, maana ndani yake mna fundisho kwa wazazi wa kila nchi.

Je, tuseme basi kwamba Edipode hakuwa na kosa lo lote? Tusikimbilie huko nako. Alikuwa mwepesi wa hasira. Nabii kipofu Tiresias alipokataa kusema, alimtuhumu kwamba amekula njama. Shemeji yake Creon alitaka kumwua bila ushahidi. Katika njia panda pia alilipa pigo kwa mauti. Haya ni mabaya, na Sophocles hakuyaficha. Lakini ugomvi wake na Tiresias na Creon ulitokea miaka mingi baada ya baba kuuawa na mama kuolewa, wala jambo la baadaye haliwezi kuwa sababu ya jambo la kwanza. Na habari ya njia panda, yeye hakuanza. Hasira yaeleza jinsi alivyomwua mtu. Haielezi kwamba mtu huyo alikuwa baba yake.

Sophocles mwenyewe alilirudia shauri hili katika uzee wake. Mchezo wake wa mwisho juu ya Edipode, uliochezwa mwaka 401 K.K. yeye ameisha kufa, wamwonyesha mfalme huyo akiwa mzee kipofu, akiongozwa na binti yake mpaka Colonus, karibu na Athene. Wenyeji wakisikia jina lake wataka kumfukuza. Ndipo anapojitetea, na utetezi wake ni wa mtu ajuaye sheria: alishambuliwa, akajikinga, hakujua ni nani, na ikiwa maneno ya mungu yalimfikia baba yake kabla yeye hajatungwa mimba, alaumiwe kwa lipi? Mbele ya sheria asema yu safi. Theseus, mfalme wa Athene, hakumwuliza zaidi. Alimpokea, akamlinda, na mahali alipofia pakawa baraka kwa nchi iliyompokea. Yule aliyetupwa nje kama jiwe la Prytaneion akawa hazina ya mji.

Lakini lipo jambo moja ambalo utetezi haukuliondoa, nalo ndilo limfanyalo Edipode kuwa shujaa. Katika mchezo wa kwanza, alipojijua, hakusema hata mara moja, "Si mimi." Angaliweza kuacha kuuliza, mkewe alimsihi aache, na mchungaji mzee alimsihi aache. Hakuacha. Na alipojipofusha macho alisema kwamba maafa yalitoka kwa Apollo, lakini mkono uliopiga macho ni wake mwenyewe. Hatia hana, walakini tendo ni lake, naye alilichukua. Watu wengi hupenda kuambiwa kwamba wasipokuwa na hatia basi hawahusiki. Edipode hakukimbilia huko.

Nchi yetu nayo ina mtu wa kuulizwa swali hili. Mwaka 1904, huko Ngarambe, kusini ya mto Rufiji, Kinjeketile Ngwale alianza kuwapa watu maji, akisema yatawalinda na risasi za Wajerumani. Mwaka 1905 vita vikaanza katika Umatumbi, watu wakang'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu, na moto ukaenea mpaka Uzaramo. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja hesabu kubwa zaidi, hata kufikia 300,000, walio wengi wakifa kwa njaa baada ya mazao kuchomwa. Je, damu hiyo ni juu ya nani? Wakoloni walimhukumu kwamba ni mchochezi, hukumu iliyowafaa wao, maana iliwaondolea swali la pamba na viboko.

Ebrahim Hussein, aliyetunga mchezo wa Kinjeketile uliotoka mwaka 1969, hakulikubali jibu hilo. Lakini hakumwacha shujaa wake bila swali. Kinjeketile wa mchezo, ambaye mtungaji mwenyewe alionya kwamba si yule wa historia hasa, alilitoa neno kwa imani. Baadaye shaka ikamwingia, na wakati huo neno limekwisha kuwa la watu, wala halimsikilizi tena aliyelitoa. Hapo twaona tofauti na Edipode. Huyu hakujua mpaka mwisho. Yule alianza kujua katikati ya safari, na mzigo wake waanzia pale alipoanza kujua. Kwa hiyo hatuwezi kuwapa wote wawili jibu moja. Lakini gerezani, alipotakiwa kusema maji yalikuwa uongo, Kinjeketile alikataa, asije akawavunja moyo watakaokuja nyuma yake. Naye, kama yule mfalme wa Thebes, hakukubali kulitupa tendo lake mlangoni pa mtu mwingine.

Sasa turudi kwa mtu wa dunguni, maana tulisema kwamba jibu la kiburi lina ubaya ndani yake. Ubaya wake ni huu: ni jibu la rafiki zake Ayubu. Wao waliona mtu ameteswa, wakasema hapana budi alikosa. Na kwa kuwa hawakuliona kosa, wakamtungia. Mwalimu amfundishaye mtoto kwamba kila aangukaye ana dhambi iliyomwangusha, amemfundisha kuwa rafiki wa Ayubu, na siku moja mtoto huyo atasimama mbele ya jirani aliyepatwa na msiba na kumtafutia dhambi. Wanafunzi wa Bwana wetu nao waliuliza hivyo mbele ya yule kipofu tangu kuzaliwa, nao wakakatazwa.

Kwa hiyo twaomba walimu wenzetu wautumie mchezo huu kwa kuwafundisha vijana kuuliza maswali matatu mbalimbali, wasiyachanganye. Alitenda? Alijua? Na sasa anachukua mzigo gani? Aliyetenda akijua ana dhambi, na dawa yake ni toba. Aliyetenda asijue ana kosa, na lipasalo ni kuisema kweli na kuwaendea waliofiwa. Asiyetenda lo lote, bali watu wamemwona ana doa, kama kigego, hana neno la kutubia. Wapaswao kutubu ni wale waliomtenga.

Na mapadre na wachungaji wetu watafakari habari ya yule wa pili, maana ndiye asahauliwaye. Akija kwetu usiku, tukamwambia, "Tubu," tumemshuhudia uongo. Tukimwambia, "Hukutenda dhambi, nenda zako," tumesema kweli, lakini atarudi nyumbani na mikono ile ile, wala hatalala. Torati ilimpa mji wa kukaa. Theseus alimpa ardhi. Sisi yatupasa kumpa nafasi katika nyumba, tukae naye hata asubuhi, kisha tufuatane naye kwenda kwa jamaa za marehemu, asiende peke yake.